Kikombe cha Dirishani

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako nimeisoma, marahaba. Hatujambo, mguu wa bibi yako umepona, na mama yako mdogo amehamia Nzuguni.

Unauliza kama nyimbo za Wahindu zinazowasifu watu wa tabaka la chini zilibadilisha chochote. Mimi najua ya mtu mmoja tu.

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na viatu vya mitumba vikajaa mjini, nilikuwa nashona viatu kwenye baraza ya Mama Jaya, Mhindu. Chai alinipa kila siku, ila mimi Mwislamu, tena mshika ngozi, najisi kwao, nilikuwa na kikombe changu peke yangu, kinakaa dirishani.

Siku moja alikuwa akiimba wimbo wa ibada, nikamwuliza maana yake. Akasema mtunzi wake alikuwa fundi ngozi. Makuhani walimkataza kuingia hekaluni, Mungu akatoka akamfuata nje.

Akaitazama mikono yangu yenye gundi.

“Nimeuimba huu tangu utotoni,” alisema.

Akachukua kikombe changu, chai ikiwa nusu, akanywa.

Namshukuru mpaka leo. Kuanzia kesho yake sikujua tena kikombe changu ni kipi.

Babu yako,
hapa Kizota