Pete ya Moshi Mpaka Sebuleni

Iyunga, Mbeya
4 Mei 2025

Mkamwana wangu Joyness,

Pokea salamu za huku kwenye baridi. Mama Yotamu hajambo, nami sijambo isipokuwa macho. Daktari anasema ni presha ya macho: la kushoto limekwisha, la kulia linafuata. Huko Ilula mnaendeleaje? Yotamu bado anakoroma?

Utashangaa kupata barua yangu. Tangu mwanangu Yotamu akuoe hatujaonana, kama mila yetu Wanyakyusa inavyotaka kwa mkamwana na baba mkwe. Ukija unapita mlango wa nyuma, mimi nabaki sebuleni nakohoa ili ujue nilipo. Lakini barua mila haikuzikataza, na kwenye simu herufi sizioni tena.

Nasikia unafundisha fizikia. Nami niliifundisha mpaka nikastaafu, na kitu kimoja kilinishinda: pete ya moshi. Unatoboa ndoo kwenye kitako, mdomo unaufunga kwa mpira wa tyubu, unajaza moshi, unasukuma mpira. Moshi ukitoka tunduni unajikunja pembeni, unakuwa pete inayojizungusha na kwenda zake. Za kwangu hazikuwahi kufika dawati la pili. Zilitoka na mkia, zikavurugika, darasa zima likacheka.

Nataka kuiona moja ikivuka chumba kabla jicho hili halijafunga. Nitengenezee, mwanangu. Siri ni nguvu: sukuma mpira mpaka mwisho.

Baba yenu,
Isaka

Ilula
15 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Sisi wazima, na Yotamu anakoroma kuliko zamani. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nilidhani hujui hata jina langu!

Jioni ile ile nilitoboa ndoo ya kuogea. Moshi nautoa kwenye dawa ya mbu ya kuwasha, nyumba nzima inanuka na mbu wamehama mtaa. Nimesukuma mpira mpaka mwisho kama ulivyosema. Pete inatoka, Baba, inatoka kweli, nene na nzuri! Lakini nyuma yake unafuata moshi mrefu kama soseji, na kabla haijafika mezani vyote vimechanganyikana.

Niendelee hivyo hivyo au nipunguze kidogo? Wewe ndiye unayejua.

Mkamwana wako,
Joyness

Iyunga
24 Mei 2025

Mwanangu Joyness,

Sote hatujambo. Anayeandika ni Mama Yotamu, mimi nasema tu, leo miwani inanisumbua. Usipunguze. Ongeza nguvu, na usukume kwa muda mrefu zaidi, pete ipate moshi wa kutosha wa kusafiria. Ninyi wa siku hizi mnaogopa kutoka jasho. Fanya haraka.

Baba yenu,
Isaka

Ilula
8 Juni 2025

Baba, shikamoo.

Natumaini hamjambo. Keti kwanza, halafu unisamehe.

Baba, ulikosea. Si rahisi kuandika hivi, maana nilifundwa kwamba mkamwana habishani na baba mkwe. Kwa hiyo nilisukuma kama ulivyoagiza, nikaharibu tyubu mbili, huku moyoni nikijua hapana. Nidhamu yangu ilikuwa inakula siku zako za kuona, nami nikaona heri unikasirikie.

Yotamu alinirekodi kwa simu, tukaitazama video polepole. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja! Pete inajaa mapema sana. Ikishameza hewa ya kuitosha, yaani mkupuo wenye urefu wa kama mara nne ya upana wa tundu, haipokei tena. Inajitenga, inaondoka yenyewe. Mimi huku bado nasukuma, na yote ninayosukuma yanakuwa mkia. Pete haikuwa na njaa, Baba. Tulikuwa tunamlisha aliyeshiba.

Sasa napiga mpira kofi moja, fupi na la ghafla, kisha naacha. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, ila ndoo ya kuogea hawakuijua. Pete inavuka chumba safi kabisa, bila mkia, imechezesha kalenda ukutani! Nimecheka, nimelia, nimempiga Yotamu nazo tatu za uso.

Likizo imeanza. Jumamosi tutakuja na ndoo. Nitakaa kwenye korido nyuma ya pazia, nitoe tundu la ndoo tu. Wewe kaa kwenye kiti chako, utazame.

Mkamwana wako mbishi,
Joyness

Iyunga, sebuleni
14 Juni 2025

Mwanangu Joyness uliyeko jikoni,

Habari za huko nyuma ya ukuta? Mama Yotamu ameandika haya nikisema, na ndiye amekuletea.

Yeye alipopiga kelele, "Inakuja!" mimi sikuona kitu. Jicho la kulia lilifunga mwezi uliopita. Sikukwambia, kwa sababu ungeacha.

Lakini nilikaa wima kama mwanafunzi wa kwanza. Nikasikia kofi lako kwenye mpira, halafu kimya. Nikafikiri imekufa njiani kama zangu. Kisha ikanipiga usoni! Ubaridi mara moja, kwenye paji, mashavu na kidevu, na harufu ya dawa ya mbu. Nimeomba nyingine, na nyingine, mpaka Mama Yotamu akasema nimekuwa mtoto. Miaka yote ile nilitaka kuiona, kumbe inafika hata kwa asiyeona. Ulifanya vizuri kunibishia. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Sasa nisikilize. Mila inanikataza nisikuone, na mimi siwezi kukuona tena, hata tukikaa kochi moja. Ukiona haya, inamisha kichwa. Wazee wakiuliza, watanikuta mimi.

Barua hii usiijibu. Ingia.

Baba yako,
Isaka