Meli Iliyotembea na Ziwa Lake

Baba, pole na mguu, na unisalimie wote nyumbani. Hapa Likasi tunakata vyuma chakavu, na jana tulifikia ndoo za meli ya kuchimba dhahabu, zimefungwa kwenye mnyororo mmoja. Nikamuuliza fundi mzee, "Papa, hii ilitembeaje nchi kavu?"

"Inachimba mbele, maji inajaa mu shimo, mawe inamwaga nyuma. Mutoto, inatembea na ziwa yake."

Kumbe ndivyo ulivyosema siku zote, kwamba uliona meli ikitembea na ziwa lake, na kijiji kizima kikakuita mlevi.

Jioni kila mkataji huruhusiwa kipande cha kutengenezea mbabula, jiko la makaa. Mimi nimechagua mdomo wa ndoo, umelika kwa mchanga. Nitakuletea. Uuweke mlangoni, waje wakucheke tena hapo.

Mwanao, Kabwe