Chungu Kilisema Nini?

Chumba Namba Nne,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko, na baridi je? Wifi yangu hajambo? Watoto wazima? Sisi huku tunapumua, na kupumua si haba.

Hela yako imefika, ahsante sana. Nimenunua dawa na nepi za Mama, iliyobaki nimelipia kodi ya chumba. Usije ukadhani sina shukrani kwa haya ninayoandika.

Mama hawezi, kaka. Tangu apatwe na kiharusi hanijui. Ananitazama kama mteja aliyeletewa nguo isiyo yake. Daktari kasema nimtunze tu, nami si mtoto, hiyo “tu” naijua maana yake.

Ila juzi mchana nilikuwa kwenye cherehani napinda sketi za shule, na kwa upweke wangu nikajisemea, “Paukwa!” Kitandani nikasikia, “Pakawa!” Yallah! Sauti yake ile ile. Niliinuka hata kiti kikaanguka. Alikuwa amenigeuzia uso, anangoja hadithi.

Nikamwanzia ile ya mfinyanzi na chungu kisichojaa, aliyokuwa akitusimulia kila siku. Mabinti watatu wanamimina maji mwaka mzima, wapi! Mpaka yule mdogo anachungulia na kukiuliza kinataka nini. Chungu kikasema... Nikakwama. Kaka, mimi nilikuwa nasinzia hapo hapo siku zote! Wewe ndiye uliyefika mwisho, halafu asubuhi unanitambia, hutaki kuniambia. Mama alingoja, akangoja, machozi yakamtoka, akageukia ukutani.

Nimejaribu kubuni. Nikasema kilitaka asali, akatikisa kichwa. Nikasema kilitaka wimbo, akafumba macho. Hadanganyiki.

Nilipokupigia simu ukaniambia niache mambo ya kitoto, kwani hela si imefika? Nilikasirika, nikakata. Leo hasira imekwisha, nimebaki na uchovu. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi nimevumilia miaka kumi na tisa juu ya cherehani hii, na nilichokula ni mbichi, meno yote ganzi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka juzi, akiwa mzima, alitaka kunisimulia. Nikamjibu, “Mama, nina nguo za watu hapa.” Malipo ya nguo zile hayakumaliza hata wiki. Na sasa nakaa naye kutwa, sina cha kumpa.

Basi mwezi huu usitume hela. Tutajibana. Niandikie tu chungu kilisema nini, neno kwa neno kama alivyokuwa akisema yeye. Na kama nawe umesahau, niambie ukweli, nijue kwamba hadithi imetangulia kufa.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawapenda. Mjomba Redio, yule jirani yetu, anakusalimu, bado hanyamazi kwa porojo. Mungu akufungulie riziki, akurudishe salama.

Fanya haraka, kaka. Leo asubuhi nimesema “Paukwa,” nikangoja mpaka chai ikapoa ndipo akajibu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikinuna,

Fundi wa Mama