Mwalimu Akiru, Sikufika Lodwar Kukuzika

Mwalimu Akiru,

Ejok, nakusalimu kwa Kiturkana chenu. Najua hutaniitikia tena kwa ile sauti yako ya kuita watu walio ng'ambo ya mto. Naandika hata hivyo, kwa sababu sikukuzika, na kwaheri yangu bado sijakupa.

Nilijaribu kuja. Habari ilipofika Kakuma kwamba umefariki hospitalini Lodwar, kwamba ile malaria uliyoiita "kahoma tu" ilikupanda kichwani, nilienda moja kwa moja kuomba kibali cha kutoka kambi hii ya wakimbizi. Afisa akaniuliza, "Marehemu ni nani wako?" Nikamwambia ni mwalimu wangu wa michezo. Akasema kibali cha msiba ni cha ndugu. Ungekuwa shangazi yangu ambaye sijawahi kumwona, ningepita.

Siku ya mazishi nilitembea mpaka kizuizi cha polisi. Gari la Lodwar likapita, ndani wamo Waturkana niliosoma nao, wakanipungia mkono. Polisi hakunifukuza. Aliniambia kwa upole, "Dada, rudi kwenu." Ule upole ndio ulioniliza. Kwetu wapi, Mwalimu? Mama alivuka mpaka wa Nadapal kutoka Sudan akiwa na mimba yangu. Mimi nimezaliwa hapa, na hapa ndipo nilipo.

Unakumbuka ulivyonikuta nimejificha nyuma ya madarasa saa ya michezo? Msichana wa Kidinka, mrefu hivi, kila mtu alinisukumia mpira wa kikapu. Niliuchukia. Kelele zile, na kosa langu moja kuwa hasara ya timu nzima. Nilingoja unigombeze. Ukasema, "Basi kuna michezo ya mtu peke yake. Twende tujaribu mmoja. Ukiuchukia, kesho tunajaribu mwingine."

Tukajaribu kutupa tufe, ambalo kwetu lilikuwa jiwe la mtoni, nikajiponda kidole. Tukajaribu mkuki, wachunga mbuzi wakatucheka, na wewe ukacheka nao. Tukajaribu tenisi ya meza juu ya mlango uliong'oka. Mwisho ukafunga kamba kati ya miti miwili ya mathenge, tukarundika mchanga wa mto Tarach upande wa pili, ukaniambia, "Ruka, Ayen."

Niliruka. Ile nukta niliyokuwa hewani hakuna aliyeniuliza natoka wapi wala naenda wapi. Kisha nikaanguka, mchanga ukanijaa mdomoni, nikakaa palepale nacheka kama mwendawazimu. Nikakwambia, "Huu sijauchukia." Ukasema, "Nimeona."

Sasa nikuambie yaliyotokea baada yako. Mwalimu mpya ni mtu mwema, ila kwake michezo ni kandanda basi. Ile miti ya mathenge iliishia jikoni kwa watu. Mimi nimemaliza shule na sina pa kwenda. Asubuhi nipo bombani napanga foleni ya maji, mchana mabati yanatuchoma, na siku inayofuata ni hiyohiyo. Mama huniuliza, "Kuruka kunapika nini?" Nachukua ndoo, narudi bombani. Hata nikaacha. Nilijiambia, kuruka juu na kuanguka palepale, si ndiyo maisha yetu hapa? Ya nini kuyafanyia mazoezi?

Kisha Halima akaja. Ni binti wa jirani yetu Msomali, ana miaka kumi na minne, ana kigugumizi. Alisimama mlangoni akihangaika na maneno, nami nikangoja kama ulivyokuwa ukitungoja sisi. Akasema anataka mchezo usio na kuitana. Uwanjani, kabla hajamaliza kusema "nipe", mpira umeshaenda, na wenzake wanamcheka.

Nikamtafutia kamba. Kuruka kulimtisha, akalia. Mbio zikamchosha. Nikadhani nimeshindwa, nikamwonea huruma, nikajionea na mimi. Siku moja nikamwona anaitazama baiskeli ya kaka yake, ile ya kubebea mizigo. Nikaenda kwa baba yao kuomba. Mzee akasema, "Sawa, lakini wewe ukimbie kando yake. Akianguka, umwinue."

Alianguka, Mwalimu! Alianguka mpaka hijabu ikawa rangi ya vumbi. Nikawa nakimbia kando, nimeshika kiti, napiga kelele, "Kanyaga! Kanyaga!" mpaka nikagundua mkono wangu haujashika kitu. Yuko mbele peke yake. Akageuka na kuniita jina langu lote, bila kukwama.

Sitakudanganya. Barabara ya baiskeli yetu inaishia inapoishia kambi, na kila asubuhi tunageuza. Kuna siku nageuza huku nimeuma meno. Lakini wasichana wengine wameanza kutufuata, na mmoja ameniomba nimfungie kamba ya kuruka. Nimetafuta miti mingine.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Lala kwenye ardhi ya kwenu. Siku nitakayopewa kibali nitakuja Lodwar nikae nawe mchana kutwa, hata kama ndugu zako hawanijui. Siwezi kukuahidi ni lini. Ninachoweza kukuahidi ni cha kesho: kuna madada wawili Wakongo wanataka kujaribu ndondi. Sijui lolote kuhusu ndondi. Nimewaambia waje.

Mwanafunzi wako,
Ayen