Mfukoni mwa Koti la Kijivu

3 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Macho yanaendeleaje? Mimi sijambo, tena si sijambo ya kawaida, ni sijambo ya kutaka kupanda juu ya paa nipige kelele.

Mama, nimeolewa! Najua unajua, gauni umenishonea wewe, lakini niache niandike tena: nimeolewa. Kila asubuhi naamka namtazama Kipepeo wangu amelala, bawa lake la kushoto limenifunika kama shuka, na mshono wangu uko palepale, umenyooka. Unakumbuka siku alipoingia dukani amelificha ndani ya koti, limechanika kuanzia begani? Ukadhani ni hariri, ukamuuliza, “Tutie kiraka, kijana, au tukupunguzie upana?” Nilicheka hadi nikajichoma sindano. Naye akakujibu kwa adabu, “Chochote fundi atakachoona kinafaa.” Hapo ndipo nilipompenda. Sikupenda mbawa, mama, nilipenda jibu.

Tafadhali usiwaite watu wa mume wangu vibwengo. Wenyewe ni Watu wa Umande. Chumba chetu kina kuta nyembamba kama ngozi ya kitunguu, jua likichomoza kila kitu kinageuka rangi ya asali, hata kucha zangu.

Koti lake la kijivu aliloliacha dukani linaning'inia huko kwako kwenye nguo zisizochukuliwa, na, sijui kwa namna gani, linaning'inia na huku nyuma ya mlango wetu. Barua ukiitia mfukoni huko, naikuta huku. Kipepeo anasema hata mimi naweza kupita: nitie mkono mfukoni nikiwa na hamu ya nyumbani, na hamu yenyewe itanivuta. Ufunguo mwingine hakuna. Basi mvua zikianza nakuja kukaa nawe, nikutungie uzi kwenye sindano zako zote kama nilivyokuahidi, niwe macho yako.

Mwanao mwenye furaha kuliko watoto wote,
Kitinda


10 Februari

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Nimepapasa mfuko, nimeikuta barua, nimeisoma nikiwa nimeibandika puani. Furaha yako nimeinusa kabla sijaisoma.

Mimi mzima, isipokuwa haya macho. Ukungu umeshuka tena. Juzi nimemshonea mwalimu suruali, mfuko ukatokea gotini. Akacheka, nami nikacheka, kisha akaichukua akaipeleka kwa fundi mwingine. Muuza vifungo wa jirani ananitungia uzi asubuhi, lakini yule hawezi kutunga bila kusengenya, na akinogewa hutunga sindano ya mwisho akaondoka nayo.

Kigoda chako sijamkalisha mtu. Mkwe msalimie. Mwambie kwangu hadaiwi kitu, ila mvua zikianza aniazime mtu wangu.

Nawe, nyumba ya watu ni ya watu. Usipokee kitu ambacho hujui kinalipwa kwa nini.

Mama yako


28 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa suruali ya mwalimu! Nimecheka, Kipepeo akacheka kwa kuwa mimi nimecheka. Ndivyo tulivyo siku hizi, mmoja akipiga chafya mwenzake anafuta pua.

Onyo lako limechelewa kidogo, lakini usiwe na hofu. Huku zawadi haikai upande mmoja. Ukipewa, nawe unatoa, tena kitu chako cha kweli kutoka ndani. Na kikishatoka hakirudi, kwa sababu zawadi ikirudishwa hufa. Si jambo zuri hilo? Sisi kwetu watu hupeana vikombe, wakavirundika kabatini.

Kipepeo alinipa taa ya umande isiyozimika. Mimi nilikuja na gauni na sindano tu, basi nikampa ile harufu ya pasi ya makaa inapokutana na kitambaa chenye maji. Alifumba macho akatabasamu mpaka nikaona wivu. Aliponipa viatu vya majani, nikampa mluzi wangu. Sasa nikijaribu kupiga inatoka pumzi tupu. Tulicheka!

Lakini sikiliza hili. Juzi nilikikumbuka kigoda changu na mgongo wako ukiwa umeinamia cherehani, nikalia. Kipepeo hawezi kuvumilia machozi yangu, anahangaika kama nyuki aliyefungiwa chupani. Akanivisha pete ya mwanga wa alfajiri. Nikajiuliza: nina kitu gani kinachoniumiza, ambacho nikikitoa tutapumzika wote wawili? Nikampa hamu ya nyumbani. Yote, mama, sikubakiza hata chembe.

Laiti ungejua wepesi nilio nao! Silii tena. Kuhusu kuja mvua zikianza, tutaona. Kusema kweli, sioni haraka.

Mwanao,
Kitinda


1 Machi

Kitinda, mwanangu,

Leo salamu zisubiri. Umefanya nini?

Kumbuka barua yako ya kwanza. Uliandika kwa mkono wako kwamba ufunguo ni hamu, na mwingine hakuna. Ndio huo uliomvisha mwanamume kama shanga. Tia mkono mfukoni sasa hivi. Jaribu. Nimelishika koti, sitaliachia.

Mama yako


20 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Hukujibu, na mvua zimeanza.

Jana koti lilitikisika. Nikainuka mpaka cherehani ikapinduka. Aliyetoka hakuwa wewe, alikuwa mumeo. Akapita moja kwa moja hadi kwenye kigoda chako akakaa, akaanza kupiga mluzi. Mluzi wako, Kitinda, na pale unapokosea kila siku akakosea palepale. Nilitamani kumziba mdomo, na nilitamani asinyamaze.

Nikamuuliza, “Baba, umefuata nini?”

Akasema, “Sijui, mama. Nimeshikwa na hamu ya nyumbani, na nyumbani kwenyewe ni hapa, nami sijawahi kuishi hapa.”

Nikamwambia, “Basi mrudishie mwenyewe!”

Akasema, “Nikimrudishia itakufa, tuikose wote. Sikujua, mama. Sisi hatuna watu tunaowaacha. Nilidhani ananipa maumivu, nimtue mzigo.”

Alilia akifuta pua kwa mgongo wa mkono, kama wewe. Nilitaka sana kumchukia. Badala yake nikawasha pasi, nikanyunyiza maji kwenye kitambaa, akavuta ile harufu hadi akasinzia ukutani.

Anasema mama yake anataka kukupa mbawa. Mwanangu, nakuomba kama mtu anavyomwomba mkubwa wake: usizipokee. Kama hutaki kuja, usije. Kaa na raha zako. Ila kilichobaki kibakize.

Mama yako


Siku ya Maua ya Kwanza

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Barua zako siku hizi zina huzuni nyingi, nazisoma kama habari za mtaa wa mbali. Tarehe zimenipotea, huku tunahesabu kwa maua, inapendeza zaidi.

Kipepeo wangu amekuwa mzito. Kila siku yuko kwako. Mawifi wananitania, “Bwana harusi amehamia ukweni, bibi harusi tumpeleke wapi?” Nami nawajibu, “Angani!” Kwa sababu mama mkwe ameleta mbawa. Zangu! Zina rangi ya ndani ya chaza, na zinanitekenya hata kabla sijazivaa. Amesema mbawa hazilipwi kwa mluzi, nitoe kitu kikubwa.

Nimejipekua, nimeona kimebaki kimoja. Ni yule ninayemwita nikijichoma sindano, anayenitoka mdomoni kabla sijajua kama nimeumia.

Kipepeo amepiga magoti. “Mke wangu, huyo usimtoe.” Nimembusu kwenye paji la uso. Anaogopa nitaruka juu kuliko yeye, maskini.

Usisikitike. Wewe hutoi kitu, ninayetoa ni mimi. Jioni hii, nikiwa juu kabisa, nitakupungia mkono.

Mwanao,
Kitinda


Msimu wa Umande Mzito

Kwa Fundi mwenye duka,

Salamu nyingi. Habari za kazi? Sisi huku wazima.

Nisamehe kwa kukuandikia bila kufahamiana. Mume wangu huja kwako mara kwa mara, na anasema hakuna fundi kama wewe. Nimemuuliza mnazungumza nini, akageuka kulipangusa koti lake.

Nina binti mchanga. Nampenda mpaka meno yananiuma. Mbawa zake bado ni ndogo kama ukucha, nami namtakia gauni jeupe lenye matundu mawili mgongoni. Upindo uwe wa mishono midogo ya kurudi nyuma. Sijui niliuona wapi mshono huo, lakini vidole vyangu vinaujua.

Nilijaribu kushona mwenyewe, nikajichoma. Nilifungua mdomo niite, hakikutoka kitu. Mume wangu akatoka nje.

Nina furaha sana, fundi. Sijui kwa nini nakwambia.

Ukipenda kunipa gauni kama zawadi, nami nitakupa changu, ingawa sijui kimebaki nini. Labda huu ujuzi wa vidole.

Mteja wako


14 Oktoba

Kwa mteja wangu,

Salamu zimefika. Mimi mzima. Macho yamemaliza kazi yake, kwa hiyo barua yako imesomwa na mumeo, na hii anaiandika yeye. Nasema, anaandika. Nimemkataza kuongeza neno, naye ameahidi.

Gauni ni hili. Si zawadi. Nasema tena, si zawadi, wala usinirudishie kitu. Vidole vyako bakia navyo. Hii ni kazi, na kazi ina bei.

Muuza vifungo alinitungia nyuzi zote, na siku hiyo hakumsengenya mtu. Upindo nimeushona kwa kupapasa. Nimeuacha mpana, mtoto akikua utaufumua wewe mwenyewe, unajua namna.

Bei yangu ni hii: siku atakapojichoma sindano akakuita, uitike. Usimwache aite mara ya pili.

Fundi