Shingo ya Raja

Kwa kaka yangu Gursahai, Delhi.

Nakushika miguu, kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji, na joto la huko lisiwe linawakaushia rangi kabla hamjaigusa. Mama hajambo, ila anakula kidogo. Nywele nilizonyoa siku tuliyouchoma mwili wa Baba zimeanza kuota, na watoto wanasema nafanana na brashi kuukuu.

Nyumba imepoa. Asubuhi bado nasubiri kumsikia Baba akikohoa kabla ya kuanza kazi. Alikuwa akinyoosha ncha ya brashi kwa ulimi, jioni anakula wali midomo ikiwa ya kijani kwa rangi.

Habari za kasri ni hizi. Raja aliletewa picha kutoka Delhi, akataka naye achorwe hivyo, uso wa mviringo, si bapa kama tuuchoravyo sisi. Akasema nikishindwa, kazi zote atawapa mafundi wa bonde la jirani. Nikakumbuka kile kivuli chako cha rangi, ambacho mafundi wa mfalme huko Delhi waliiga kwenye picha za Wareno, na ambacho Baba alikufukuza nyumbani kwa sababu yake. Nikakipaka chini ya kidevu.

Mama yake Raja aliitazama picha sana, kisha akauliza mbona mwanawe haoshi shingo. Raja akamweleza kuwa ni kivuli. Akajibu kwamba yeye ndiye aliyemzaa, uchafu wake anaujua. Akaitwa kinyozi Mangtu. Maskini akaapa kwamba shingo ya bwana huisugua kila siku mpaka inang'aa. Mama mtu akamwambia basi aisugue na ile ya kwenye karatasi. Kwa hofu Mangtu akalowesha kitambaa. Nilipomfikia, bwana wetu alikuwa amebaki kilemba na sikio moja.

Raja alicheka mpaka akakaa chini. Alipotulia akauliza kama yupo fundi ambaye kivuli chake hakifanani na masizi. Nikasema yupo, kaka yangu. Akauliza yuko wapi.

Hapo, kaka, nikasema umeshavuka mto Sutlej, uko njiani. Chumba chako kimekwisha kupakwa chokaa.

Najua utasema Baba alikukataza kukanyaga kizingiti chake. Hili nilipaswa kukuandikia mapema, lakini kila nilipoanza machozi yaliloanisha karatasi. Katika siku zake za mwisho Baba alinituma nitoe chini ya godoro ile picha uliyomchora, ambayo alituambia ameichoma. Akaishika dirishani. Akasema huyu mzee amekonda, kwani humu ndani hapikwi? Kisha akasema kivuli cha pua umekizidisha, na uje ukipunguze mwenyewe, maana mimi Dittu nitamharibia pua.

Mama anakubariki. Anamwambia shemeji abebe blanketi, milimani baridi imeshaingia.

Mdogo wako akusubiriye,
Dittu