Mama, Mboji Hatuinusi Tena

Mama,

Nimekaa kwenye ile ndoo uliyokuwa unakalia wewe, hapa kitaluni, na mgongo unauma. Tumejaza udongo kwenye viriba vya miche tangu asubuhi. Sasa ndipo najua kwa nini ulikuwa ukiingia ndani huongei na mtu.

Mvua zimekaribia Iyula na watu wanaulizia miche ya kahawa. Bado wanakuulizia wewe. "Mama yupo?" aliniuliza mmoja aliyetoka Igamba, hakuwa na habari. Nikasema hupo, nikainamia viriba. Akaelewa mwenyewe.

Nikuambie jambo ambalo sikukuambia. Ulipoanza homa na kukohoa, nilijua ni TB, nikaona aibu, nikaficha. Nikakutengea kikombe chako peke yako, nikakununulia dawa ya kikohozi dukani, siku zikaenda. Nisamehe kikombe kile, mama. Niliona ulivyokitazama.

Hospitali makohozi hayakuonyesha TB. Daktari akauliza unafanya kazi gani, nikajibu mkulima, basi, kana kwamba hilo linatosha. Siku ya tatu akauliza tena, safari hii kwa utulivu, ndipo nikamweleza habari za mboji. Akasema hawezi kuapa, ila kuna bakteria wanaoishi kwenye udongo wenye unyevu, kwenye mboji, na kwenye maji yaliyotuama yakapata joto. Ukivuta vumbi lake, au yale matone madogo ya maji yanayoruka, wanashuka mapafuni. Akasema ugonjwa wenyewe kwa kawaida hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Kwa hiyo kikombe kilikuwa cha bure. Akabadilisha dawa, lakini tulikuwa tumechelewa.

Nilijua mara moja uliupatia wapi. Wewe hukuamini macho kwenye mboji. Ulichota konzi ya maganda ya kahawa yaliyooza, ukaipeleka puani, ukavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. "Bado ina hasira," ulisema, tukaifunika. Au, "Hii sasa inanukia mvua," tukaanza kujaza. Wote tulijifunza hivyo kwako. Nani angedhani.

Sasa tunafanya hivi, na usinicheke. Lundo nalilowesha kwanza ndipo naligeuza, lisitimue vumbi, na nasimama upande unakotoka upepo. Navaa barakoa, jirani kaniuliza kama nimeanza kuuonea kinyaa udongo ulionisomesha. Mpira wa maji ukishinda juani, maji ya mwanzo nayaacha yatoke taratibu chini, uso nimeugeuza. Simtanki tumelisugua na sasa lina mfuniko. Mikono tunanawa kabla ya kugusa chakula. Mboji kama imeiva naijua kwa fimbo: naichomeka katikati, naiacha, naichomoa, naishika. Ikiwa ya moto, tunasubiri.

Inachosha, mama. Kila siku kuwakumbusha watu wazima yaleyale. Kuna siku natamani niache tu.

Juzi nilimkuta baba nyuma ya lundo, barakoa kaishushia kidevuni, konzi ya mboji iko puani. Nilimpiga mkono. Mimi, nimpige baba yangu! Mboji ikamwagikia viatu vyake. Nilingoja anigombeze, nilitaka anigombeze. Akapangusa kiganja kwenye suruali, akasema taratibu, "Nilikuwa namtafuta mama yako."

Nilikaa chini palepale nikalia. Hata msibani sikulia hivyo.

Jioni nilifungua sanduku lako nikatoa kitenge chako cha kanisani, kile ulichokikunja na kipande cha sabuni ya kuogea katikati. Nimempa. Nimemwambia, baba, ukimtaka mama, nusa hiki. Anakificha chini ya mto, anadhani sijui.

Pumzika, mama. Lundo nitaligeuza, miche itatoka. Na nakuahidi baba nitamchelewesha kuja huko. Usimngoje mapema.

Binti yako wa kitaluni